Paka mzee ametoka hospitali na hataki kula: mwongozo kamili wa kumrudishia hamu ya chakula

Paka akikosa chakula cha kutosha, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta yaliyohifadhiwa na kuyapeleka kwenye ini. Mafuta hayo huja kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, hivyo hurundikana humo humo, ini likaanza kulegea kazini, na paka akazidi kukichukia chakula. Hali hii inaweza kuanza ndani ya siku chache tu. Paka mnene ndiye aliye hatarini zaidi, ingawa wengi hudhani unene wake ni akiba itakayomlinda. Kwa hiyo lile wazo la kusema "njaa ikimbana atakula" liondoe kabisa kichwani. Paka mgonjwa anaweza kukaa na njaa mpaka ikamuua.

Huyu wako ni mzee, tena ametoka kulazwa. Misuli yake imepungua, pua yake haina ukali wa zamani, na amelala siku kadhaa kwenye kizimba chenye harufu za dawa na sauti za mbwa. Akikataa bakuli, usimwone mkaidi wala usidhani anadeka. Kuna kitu kinamzuia: kichefuchefu, maumivu, pua iliyoziba, choo kilichofunga, woga, au dawa anayopewa. Kazi yako ya kwanza ni kukitafuta kitu hicho. Ukianza kushindana na mdomo wake kabla hujakijua, utamchosha na utamfundisha kukuogopa.

Kabla hujambeba kurudi nyumbani

Usiondoke hospitali na karatasi ya dawa peke yake. Uliza uzito wake wa siku hiyo, kwa gramu. Uliza alikula nini mara ya mwisho, kiasi gani, na kama alikula mwenyewe au alilishwa. Uliza dawa ya kichefuchefu na ya maumivu zilitolewa saa ngapi, maana paka huweza kula vizuri mbele ya daktari kwa sababu sindano bado inafanya kazi, halafu akagoma usiku ule ule nyumbani sindano ikiisha nguvu. Uliza pia kipimo cha potasiamu kilisemaje. Potasiamu ikishuka, paka hulegea, shingo huinama, na hamu ya kula hupotea. Paka wenye ugonjwa wa figo hupatwa na hili mara kwa mara.

Swali la mwisho: anahitaji kilokalori ngapi kwa siku? Kwa makadirio, paka wa kilo 3 aliyepumzika anahitaji kama 160, wa kilo 4 kama 200, wa kilo 5 kama 230. Tazama kwenye kopo au pakiti uone gramu 100 zina kilokalori ngapi, kisha piga hesabu. Namba hiyo ni lengo la kufikiwa polepole. Paka aliyekaa siku kadhaa bila kula akijazwa chakula ghafla, fosforasi na potasiamu kwenye damu yake zinaweza kuporomoka na kumweka hatarini. Mpango wa kawaida ni kuanza na robo hadi theluthi ya lengo siku ya kwanza, theluthi mbili siku inayofuata au ya tatu, na kiwango kamili kuanzia siku ya tatu au ya nne. Daktari wako anaweza kuurekebisha.

Kama ana kisukari na anachomwa insulini, usitoke bila maelekezo ya wazi kuhusu la kufanya asipokula. Dozi ya kawaida kwa paka mwenye tumbo tupu inaweza kushusha sukari yake hadi azimie.

Chumba chake

Mpe chumba kimoja kidogo, chenye joto na kimya. Weka tandiko nene chini, si juu ya kiti, kwa sababu paka wengi wazee wana viungo vinavyouma hata kama hawachechemei. Sanduku la katoni lililolazwa ubavu humpa pa kujificha, na paka anayejua ana pa kujificha hutoka mapema kuliko asiye napo. Trei ya mchanga iwe na ukingo mfupi, ikae upande mmoja. Chakula kiwe upande wa pili, na maji yakae mbali kidogo na chakula. Paka hali karibu na choo chake.

Kama una paka wengine, watenge. Mgonjwa amerudi na harufu ya hospitali, na mwenzake wa miaka mingi anaweza kumfokea kana kwamba hamjui. Pangusa mwili wa mgonjwa kwa kitambaa kilicholaliwa na wale wengine, na uwakutanishe baada ya siku kadhaa. Kumtenga kuna faida nyingine kubwa: utajua kwa uhakika nani amekula, nani ametapika, na choo kile ni cha nani.

Akifika, mwache alale kwanza. Saa moja au mbili za utulivu zina thamani kuliko bakuli lililosukumwa puani mlangoni.

Msome kabla hujamlisha

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko popote pengine, kwa kuwa paka wanaokataa kula wote huonekana sawa kwa mbali, na wakitazamwa kwa makini hawafanani kabisa.

Paka mwenye kichefuchefu huvutwa na chakula, huja, hunusa, halafu hugeuza uso. Hulamba midomo, humeza mate mara kwa mara, wakati mwingine udenda humtoka. Wengine hukwaruza sakafu kuzunguka bakuli kama wanaokifukia chakula. Hahitaji kutapika ndipo ujue tumbo limechafuka. Paka wengi wenye maradhi ya figo, ini au kongosho hukaa na kichefuchefu mchana kutwa bila kutapika hata tone.

Paka mwenye maumivu ya mdomo hufanya tofauti. Anataka kula, anachukua tonge, analidondosha. Hutikisa kichwa, hutafuna upande mmoja, au huruka nyuma ghafla akilia. Harufu ya mdomo huwa kali, na ukimgusa shavu huchukia. Meno mabovu na vidonda vya fizi ni vya kawaida mno uzeeni, na ugonjwa wa figo nao huweza kuleta vidonda mdomoni.

Maumivu ya mwili huonekana kwenye mkao: amejikunja, mgongo umeinuka, macho yamefumba nusu, masikio yameelekea pembeni, hajilambi. Usitulie kwa sababu tu anakoroma ule mkoromo wa raha. Paka hukoroma vivyo hivyo akiwa katika maumivu.

Tazama pua. Ikiwa na ukoko au makamasi, hasikii harufu, na paka asiyesikia harufu hali. Ilainishe kwa pamba iliyolowa maji vuguvugu, kisha mkalishe dakika kumi kwenye bafu lililojaa mvuke. Mwisho tazama trei. Aliyekaa siku nyingi bila kula anaweza kuchelewa kupata choo siku mbili tatu bila tatizo. Lakini akijikamua bila kutoa kitu, au akitoa vijiwe vikavu, choo kimefunga na hicho peke yake kinatosha kumnyima hamu. Hakikisha kwamba ni choo kikubwa kinachomsumbua. Kwa dume hasa, kujikamua bila mkojo kutoka ni dharura ya saa ile ile.

Andika uliyoyaona na umpigie daktari. "Hataki kula" humsaidia kidogo sana. "Anakuja, ananusa, analamba midomo, anaondoka" humwambia dawa ya kuanzia.

Paka pia hukumbuka. Chakula alichopewa tumbo likiwa limechafuka hukihusisha na kichefuchefu, na anaweza kukichukia miezi mingi baada ya kupona. Kwa hiyo chakula anachokipenda kuliko vyote kifiche mpaka kichefuchefu kidhibitiwe. Na chakula cha tiba, kile cha figo au cha tumbo ulichoshauriwa, usikianzishe sasa. Wiki hii lengo ni ale, karibu chochote kilicho salama kwake, isipokuwa daktari amekataza waziwazi.

Kuandaa sahani

Paka hula kwa pua kwanza. Chakula kilichotoka kwenye friji hakina harufu ya kutosha kumwamsha mzee. Kipashe hadi joto la mwili wake, yaani nyuzi 38 hivi, kwa kuweka bakuli ndani ya maji ya moto na kukoroga. Ukitumia maikrowevu, koroga vizuri halafu jaribu kwa kifundo cha mkono, kwa sababu sehemu moja huweza kuunguza wakati nyingine bado ni baridi.

Anza na chakula alichokizoea kabla ya kuugua. Aliyekula chakula kikavu cha punje maisha yake yote huenda asitambue chakula laini kuwa ni chakula. Mpe kile kile kikavu, kidogo, pembeni ya laini. Tumia sahani bapa badala ya bakuli lenye kina ili masharubu yasisuguane na kuta, na uinyanyue sentimita chache kutoka sakafuni ili shingo isiinamike sana. Weka kijiko kimoja cha chai tu. Mlima wa chakula humkinaisha mgonjwa, na kijiko kimoja kilicholambwa kikaisha ni mwanzo mzuri wa kijiko cha pili baada ya saa moja.

Chakula cha paka wachanga kina nguvu nyingi katika kiasi kidogo, na madaktari wengi huwa na chakula maalumu cha wagonjwa chenye ulaini wa uji. Kuku aliyechemshwa bila chumvi, pamoja na maji yake, huamsha wengi. Samaki wa kopo aliyewekwa kwenye maji, si kwenye mafuta wala chumvi, anaweza kunyunyizwa juu. Ila kuku peke yake hana madini ya kutosha, wala taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kukikosa. Ni msaada wa siku chache, asigeuke kuwa mlo wa wiki nzima.

Kitunguu maji na kitunguu saumu ni marufuku kwa namna yoyote, mbichi, vilivyopikwa au vya unga, kwani huharibu chembe nyekundu za damu. Vimo kwenye vidonge vingi vya supu na baadhi ya vyakula vya watoto vya chupa, kwa hiyo soma lebo mpaka mwisho. Sukari haina maana. Ulimi wa paka hauonji utamu. Maziwa ya ng'ombe huharisha wengi wao. Nyama mbichi iache, mwili wake hauna nguvu ya kupambana na vijidudu sasa.

Mpe alfajiri na magharibi, saa ambazo paka kwa maumbile huamka kuwinda. Kaa karibu, mkune kidevu, ongea naye kwa sauti ya chini. Wengine hula wakishikwa mgongo, wengine hula ukishatoka na kufunga mlango; utajua wako ni yupi. Baada ya dakika 20 au 30 ondoa sahani hata kama hajaigusa. Chakula kinachokaa mbele ya pua yake siku nzima huwa sehemu ya karaha. Na usimfuate na bakuli chumba kizima. Najua linavyouma kumwona amegeuza uso, lakini kumfuata humfanya ajifiche.

Dawa, na mpangilio wake

Mpangilio ni huu: kwanza kichefuchefu na maumivu, ndipo dawa ya hamu. Kumpa paka dawa ya njaa huku tumbo lake bado linachafuka ni kumtesa mara mbili.

Kwa kichefuchefu daktari huwa anatumia maropitanti au ondansetroni, wakati mwingine zote mbili. Kwa hamu ya kula, mirtazapini ndiyo inayotumika sana. Kuna vidonge, na kuna mafuta ya kupaka ndani ya sikio, yaliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa paka wanaopungua uzito. Mafuta haya ni nafuu kubwa kwa anayechukia vidonge. Vaa glavu, badilisha sikio kila siku. Akianza kulialia usiku, kuhangaika au kutetemeka, mjulishe daktari kabla ya dozi inayofuata. Paka wenye figo au ini dhaifu huitoa dawa hii mwilini polepole na dozi zao hutenganishwa zaidi. Dawa nyingine ni kapromorelini, ya maji, inayoiga homoni ya njaa. Iliidhinishwa huko huko mwaka 2020 kwa paka wenye ugonjwa sugu wa figo wanaokonda. Mwenye kisukari asipewe bila daktari kuamua.

Uliza pia kuhusu vitamini B12 kama ana ugonjwa wa utumbo, na kuhusu maji yanayochomwa chini ya ngozi kama mwili wake umekaukiwa maji. Mwenye ugonjwa wa moyo aangaliwe sana kwenye maji hayo.

Usimpe kamwe dawa ya maumivu ya binadamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka.

Vidonge usivifiche kwenye chakula cha mgonjwa. Akigundua mara moja tu, umekipoteza chakula hicho. Mpe dawa kando, mahali tofauti na anapokula, na kila kidonge kifuatwe na maji kama mililita 5 kwa sirinji. Vidonge vinavyomezwa bila maji, hasa vya antibiotiki za doksisiklini na klindamisini, hukwama kwenye umio na kuuchubua, na paka mwenye kidonda cha umio hatakula hata umpe nini.

Kulisha kwa sirinji

Kwa binadamu tunasema mgonjwa haulizwi uji. Kwa paka, aulizwe. Sirinji inafaa kwa yule anayemeza kwa utulivu na anayehitaji kuvushwa siku moja mbili. Haifai kwa anayepambana, anayetapika, anayehema kwa shida au aliyelegea kiasi cha kushindwa kumeza, kwa sababu chakula kikiingia mapafuni utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili.

Mkalishe kifudifudi, kichwa kikiwa usawa wa kawaida, usikiinue juu. Ingiza ncha ya sirinji pembeni ya mdomo, nyuma ya chonge, na utoe mililita 1 tu. Subiri ameze. Rudia. Kwa paka wa kilo 4 anza na jumla ya mililita 20 kwa mlo, mara nne hadi sita kwa siku, ukiongeza taratibu hadi 40 akivumilia. Akianza kutema, kulamba midomo au kupiga mikono, koma hapo. Siku mbili za mapambano zinatosha kukuonyesha kwamba njia hii si yake.

Mrija si kushindwa

Watu huuogopa mrija wa kulishia kwa sababu hufanana na mwisho. Mimi nauona kuwa moja ya huruma kubwa tunazoweza kumfanyia paka mzee. Paka akikaa siku tatu akila chini ya mahitaji yake licha ya dawa, zungumza na daktari kuuhusu, na usingoje amalizike nguvu. Ule wa puani huwekwa bila usingizi mzito, hupitisha chakula cha majimaji tu na hutumika siku chache. Ule wa shingoni unaoingia kwenye umio huwekwa kwa usingizi mfupi, hupitisha chakula kilichosagwa laini, na unaweza kukaa wiki au miezi. Dawa nyingi hupita humo pia, kwa hiyo ugomvi wa vidonge unaisha, na mikono yako inarudi kuwa ya kubembeleza tu.

Nyumbani ni kazi ya kawaida: chakula vuguvugu, polepole kwa dakika 15 hadi 20, maji vuguvugu mililita 5 hadi 10 kabla na baada ili mrija usizibe. Tazama tundu la shingoni kila siku. Wekundu, usaha au harufu mbaya ni za kupigia simu. Akiutapika mrija ukatokea mdomoni, usilishe. Mrija ukiwa bado upo, mwekee sahani ndogo kila siku, maana anaweza kula nao vizuri. Hutolewa baada ya yeye kula mwenyewe angalau wiki nzima bila kupungua.

Mzani na daftari

Jicho linalompenda hudanganya, kwa hiyo pima. Mzani wa watoto wachanga unatosha. Mpime kila siku saa ile ile, na pima sahani kabla na baada ya mlo. Andika gramu zilizoliwa, matapishi, mkojo, choo na saa za dawa. Kushuka kidogo siku mbili za kwanza kunaweza kuwa maji ya dripu yanayotoka. Lakini paka wa kilo 4 akipoteza gramu 200 amepoteza asilimia 5 ya mwili wake, na hilo si dogo.

Piga simu siku hiyo hiyo akipitisha saa 24 bila kula chochote, au akitapika tena na tena. Mpeleke bila kungoja akihema mdomo wazi, akipumua zaidi ya mara 40 kwa dakika akiwa amelala, macho, fizi au ngozi ya ndani ya masikio ikiwa na rangi ya manjano, asipokojoa saa 24, au masikio na miguu ikiwa ya baridi na hawezi kusimama.

Kuna paka ambao hufanyiwa yote haya na bado mwili hauitiki, kwa sababu ugonjwa wenyewe umefika mbali. Hapo daftari litakusaidia kuzungumza na daktari kwa ukweli: siku ngapi kwa wiki amejilamba, ametafuta jua, amekuja akiitwa. Kuuliza kuhusu kumpumzisha bila maumivu hakumaanishi umemkatia tamaa.

Akianza kula

Usiachishe dawa zote kwa siku moja kwa furaha. Daktari huondoa moja baada ya nyingine, ili akirudi nyuma ijulikane ipi ilikuwa inambeba. Akila kiwango kamili kwa wiki moja au mbili na uzito umetulia, ndipo chakula cha tiba kianze: kijiko kidogo kwenye sahani ya pili, pembeni ya chakula chake, bila kuchanganya. Akikizoea, ongeza sehemu yake taratibu kwa wiki tatu nne au zaidi. Akipunguza kula, rudi hatua moja. Kwa mzee wa figo, chakula cha kawaida anachokila ni bora kuliko chakula cha tiba kinachobaki sahanini. Mzani uendelee mara moja kwa wiki, na ukishuka wiki mbili mfululizo mpeleke akapimwe damu hata kama bado anakula.